Haraka palipotakiwa subira, subira palipotakiwa haraka

Mpwa wangu alipelekwa kutahiriwa Desemba, shule zilipofungwa, akiwa na miaka saba. Tabibu aliyekuwa akimwandaa alipapasa, akanyamaza, akapapasa tena, kisha akamwita mama yake nyuma ya pazia. "Mama, mwanao ana korodani moja tu mfukoni. Mlikuwa hamjui?"

Walijua. Mama yetu aligundua wiki ya kwanza tu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimwogesha kwenye beseni, na mkono wa bibi anayeogesha mjukuu hauna linaloupita. Dada yangu aliuliza kliniki, akaambiwa itashuka yenyewe. Akauliza tena siku ya chanjo ya surua, jibu likawa lile lile. Nyumbani mama akamtuliza: mbona hata mjomba wake ilichelewa. Mjomba mwenyewe ni mimi. Sina kumbukumbu ya jambo hilo na sikuona sababu ya kulifuatilia. Basi wakasubiri miaka saba kitu ambacho hakikupaswa kusubiriwa hata miwili. Daktari alipopasua aliikuta imejibanza kwenye kinena, ndogo kama punje ya harage, na uso wake alipotoka kuzungumza na dada haukuhitaji mkalimani.

Weka kisa hicho kando ya kingine, ambacho si cha nyumbani kwetu. Kimo kwenye kumbukumbu za Mahakama Kuu ya Kenya. Mei 2009 alizaliwa mtoto Nairobi akiwa na viungo vya kike na vya kiume kwa pamoja. Kwenye fomu ya hospitali, mahali pa kujaza jinsi yake, pakawekwa alama ya kuuliza. Cheti cha kuzaliwa kikakwama, mama akaenda mahakamani, na kesi ikafahamika kwa jina la Mtoto A. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliitaka serikali ieleze ni chombo gani kitakusanya takwimu za watoto kama huyu, na sheria ya kuwalinda imefikia wapi. Mtoto alikuwa keshavuka miaka mitano. Wengi waliisoma alama ile kama tusi. Mimi naona ndilo jibu la kweli kuliko yote yaliyoweza kuandikwa siku ile. Tatizo ni kwamba baada yake hapakuwa na ukurasa wa pili.

Hoja yangu ni kwamba visa hivi viwili ni ugonjwa mmoja. Tunasubiri palipotakiwa kukimbia, na tunakimbia palipotakiwa kusubiri, kwa kuwa tunadhani mtoto huwa wa kike au wa kiume kwa mpigo mmoja, kama shilingi iliyorushwa juu ikaanguka. Anayejua kazi inavyofanyika tumboni hawezi kuwaza hivyo. Kazi ile ina mafundi wengi, kila mmoja na zamu yake, na fundi mmoja asipokuja zamuni wengine hawamsubiri.

Wiki nitakazotaja nimehesabu tangu mimba kutungwa. Kliniki huhesabu tangu hedhi ya mwisho, kwa hiyo mwenye kadi mkononi aongeze mbili.

Katika wiki ya sita kiinitete kina urefu wa sentimita moja na ushei. Moyo unapiga, mikono bado ni kama makasia. Ukivitazama viungo vyake kwa hadubini huwezi kusema ni wa kike au wa kiume, maana hakuna cha kuona. Ndani ya tumbo lake kuna tezi mbili ambazo hazijajua zitakuwa korodani au ovari. Kando ya tezi zimelala jozi mbili za mirija. Jozi moja, inayoitwa kwa jina la Mjerumani Caspar Friedrich Wolff, ikitunzwa itakuwa njia ya kupitisha mbegu za kiume. Jozi ya pili, inayoitwa kwa jina la Johannes Müller, naye Mjerumani, ikiachwa iendelee itakuwa mirija ya uzazi, mji wa mimba na sehemu ya juu ya uke. Kila mmoja wetu alikuwa na jozi zote mbili. Shangazi yako alikuwa nazo, imamu wako alikuwa nazo, na bondia unayemshangilia alikuwa nazo.

Nje, katikati ya mapaja, kuna kinundu kimoja, mikunjo miwili inayozunguka tundu, na vivimbe viwili pembeni. Kinundu kikikua kitakuwa uume, kisipokua sana kitakuwa kinembe. Mikunjo ikiungana itafanya mfereji wa mkojo wa kiume. Ikibaki wazi itakuwa mashavu madogo ya uke. Vivimbe vikiungana vitakuwa mfuko wa korodani. Vikibaki mbalimbali vitakuwa mashavu makubwa. Kitambaa ni kimoja na kimekatwa kwa kipimo kimoja. Wawili hawa wanatofautiana kwa mahali pa kushona.

Na mshono wenyewe upo, si mfano wa maneno. Kila mwanamume anao: mstari mwembamba wa rangi iliyokoza unaopita chini ya uume, ukakata mfuko wa korodani katikati, ukaenda mpaka karibu na tundu la haja kubwa. Wengi wanaishi nao miaka themanini bila kujiuliza ni wa nini. Ni pale mikunjo na vivimbe vilipokutana, kati ya wiki ya tisa na ya kumi na tatu hivi, wakati mama mtu pengine bado anatapika asubuhi na hajamwambia mtu.

Chembe zitakazokuja kuwa mayai au mbegu za kiume zina safari yao ya peke yake. Hazizaliwi ndani ya tezi. Huanzia nje kabisa, kwenye ukuta wa kifuko cha kiini, hutambaa kufuata utumbo, na kufika kwenye tezi kati ya wiki ya nne na ya sita. Nimewahi kuwaeleza hili wazee wawili kijiweni, mmoja akauliza nani anayezionyesha njia. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia darasani. Jibu ni kwamba zinafuata harufu, kwa maana ya kemikali zinazomwagwa njiani na chembe jirani.

Nani anaamua? Hapa nisikawie, maana lingepaswa kuwa limekwisha zamani. Mwaka 1905 Mmarekani Nettie Stevens, akichunguza mbegu za kiume za mbawakawa mdogo anayekaa kwenye unga, aliona kwamba zipo za aina mbili: zenye kromosomu kubwa (kromosomu ni nyuzi zinazobeba urithi) na zenye ndogo mahali pake. Ndogo ndiyo tunayoiita Y, na haitoki kwa mama. Mwanamke hana Y ya kumpa mtu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado kuna ndugu wa mume wanaokutana sebuleni kumjadili mke aliyezaa mabinti watano, na hakuna hata mmoja anayemgeukia kaka yao.

Lakini Y peke yake haijengi kitu. Ndani yake kuna jeni moja iitwayo SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990 na watafiti wa London wakiwemo Peter Goodfellow na Robin Lovell-Badge. Mwaka uliofuata waliipandikiza kwenye kiinitete cha panya mwenye kromosomu za kike. Panya akazaliwa dume. Jeni hiyo huamka mwishoni mwa wiki ya sita, na kazi yake ni kuiambia tezi iwe korodani. Kisha huachia wengine. Kazi inayobaki hufanywa na homoni za korodani yenyewe, na hilo lilikuwa limeshajulikana kabla SRY haijapewa jina, kwa jasho la Mfaransa Alfred Jost.

Jost alipasua vijusi vya sungura vingali tumboni mwa mama zao, akaondoa tezi, akashona, akasubiri. Matokeo aliyachapisha mwaka 1947: sungura wote waliokosa tezi mapema walikuwa na mirija ya kike, hata wale waliotungwa madume. Alipowawekea punje ya testosteroni, homoni ya kiume, mirija ya Wolff ilinusurika, lakini mirija ya Müller haikuondoka. Akajua basi kwamba korodani inatoa vitu viwili, kimoja cha kujenga na kimoja cha kubomoa. Cha kubomoa leo kina jina lake, homoni pinzani ya Müller, na hufanya kazi upande wake tu: korodani ya kulia hufagia mrija wa kulia, ya kushoto wa kushoto. Na ili nje nako kujengwe, testosteroni inabidi ibadilishwe na kimeng'enya kuwa homoni kali zaidi, iitwayo DHT. Hiyo ndiyo inayokuza kinundu na kuvuta mshono.

Kutokana na sungura wa Jost vitabu vingi vya shule vikaandika kwamba kila kiumbe huanza mwanamke, na mwanamume ni mwanamke aliyeongezewa amri. Maneno matamu, na nimeyasikia yakitumiwa kumtania mtu kwenye harusi, ila yanadanganya. Ovari nayo inajengwa kwa amri zake, na amri hizo hazikomi. Mwaka 2009 watafiti walizima jeni moja tu, FOXL2, kwenye ovari za panya jike mtu mzima, na chembe za ovari zikaanza kugeuka kufanana na za korodani. Mwaka 2017 wengine wakaonyesha kwamba hata mirija ya Wolff haifi yenyewe kwa mtoto wa kike. Kuna protini inayoiondoa. Mwanamke si nyumba iliyoachwa bila kupauliwa.

Tena kwa hesabu ya kazi, binti humaliza mapema kuliko kaka yake. Mimba ikifika nusu, ovari zake zina mayai yapatayo milioni 6 hadi 7. Siku anapozaliwa yamebaki milioni 1 au 2, na katika maisha yake yote yatakayopevuka na kutoka hayatazidi sana 400. Kwa maneno mengine, yai lililokuja kuwa wewe lilikuwa limeshaanza kuumbika mama yako akiwa tumboni mwa bibi yako. Bibi aliyekuogesha kwenye beseni alikuwa amekubeba mara moja kabla.

Sasa turudi kwenye korodani ya mpwa wangu, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Korodani haianzii mfukoni. Inaanzia juu, karibu na figo, mahali ovari inapoanzia. Inashuka kwa awamu mbili: ya kwanza hadi kwenye nyonga, kufikia mwezi wa nne hivi, ya pili ni kupita kwenye mfereji wa kinena na kuingia mfukoni, kwa kawaida kati ya mwezi wa saba na wa tisa. Inashuka kutafuta baridi, maana mfukoni ni pungufu kwa nyuzi mbili au tatu kuliko ndani ya tumbo, na mbegu za kiume hazivumilii joto. Ikishapita, njia iliyopitia inatakiwa izibe. Isipoziba, utumbo unaweza kuteremka na mtoto akawa na ngiri, au maji yakakusanyika akaonekana ana busha. Busha la kichanga si lile la wazee wa pwani linaloletwa na mbu na minyoo ya matende. Ni mlango uliosahaulika wazi, na mara nyingi hujifunga kabla mtoto hajafikisha miaka miwili.

Kwa watoto waliotimiza miezi tisa tumboni, kama 3 kati ya kila wavulana 100 huzaliwa korodani moja au zote hazijafika. Kwa njiti idadi inaweza kufika 30 kati ya 100, kwa sababu wamezaliwa safari haijaisha. Wengi hushuka wenyewe katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza, kwa msukumo wa homoni zinazopanda kipindi hicho. Kwa hiyo muuguzi aliyemwambia dada yangu "itashuka yenyewe" wiki ya pili hakukosea. Alikosea yule aliyemwambia hivyo mwezi wa tisa. Baada ya miezi sita korodani isiyoshuka ni nadra kushuka, na upasuaji unashauriwa kati ya miezi sita na miezi kumi na minane. Kinachopotea kwa kuchelewa ni uwezo wa kuzaa, na si hicho tu. Utafiti uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba waliofanyiwa upasuaji kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari ya saratani ya korodani takriban mara mbili ya watu wengine; waliofanyiwa baada ya hapo, zaidi ya mara tano.

Hakuna mashine inayohitajika kugundua hili. Ni vidole viwili vyenye joto, mtoto akiwa ametulia, kuanzia kwenye kinena kushuka chini. Vidole vikiwa vya baridi, misuli huivuta korodani juu na mpimaji akadhani haipo. Mama yetu, ambaye hakumaliza darasa la nne, alikuwa akipima ndani ya maji ya uvuguvugu bila kuambiwa na mtu, na hiyo ndiyo namna iliyo sahihi.

Vidole hivyo hivyo vikikuta mfuko mtupu pande zote mbili, basi hesabu ya miezi sita ifutwe. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mtoto anayeonekana wa kiume, mwenye uume, lakini hana korodani hata moja inayopapasika, anaweza kuwa msichana ambaye tezi zake zilizo juu ya figo zimeshindwa kutengeneza homoni iitwayo kotisoli na badala yake zikamwaga homoni za kiume tumboni. Ndani ana ovari na mji wa mimba, kila kitu mahali pake. Ugonjwa huu hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 15,000, na kinachoua si umbo. Kinachoua ni chumvi. Tezi hizo ndizo pia zinazouzuia mwili usipoteze chumvi kwenye mkojo, na kwa wengi wa watoto hawa, kati ya wiki ya kwanza na ya tatu, mtoto huanza kutapika, kukauka, kulegea, na asipotambuliwa huaga dunia. Cheti kitaandikwa kuhara, au homa kali. Mtaani watasema jicho.

Na kuna jambo linalonikosesha usingizi kidogo. Ugonjwa huu huwapata wavulana sawasawa na wasichana, ila mvulana mwenye nao huzaliwa na umbo la kawaida kabisa. Hakuna kinachomshtua mkunga. Anakwenda nyumbani, anapewa jina, anaanza kutapika siku ya kumi. Kliniki yoyote yenye wasichana wengi wa namna hii na wavulana wachache inapaswa kujiuliza wavulana wako wapi. Dawa ipo, ni vidonge vya haidrokotisoni kila siku, pamoja na dawa ya kushika chumvi na chumvi yenyewe kwa kipimo. Basi hiyo ndiyo haraka ninayoizungumzia: haraka ya kupima chumvi kwenye damu. Badala yake haraka tunayoifanya ni ya kumuuliza daktari, huku ndugu wamesimama mlangoni na khanga, "sasa tuseme ni wa nini?"

Kabla sijafika huko, neno moja la tohara. Mikunjo ile ya wiki ya kumi isipoungana mpaka mwisho, mtoto huzaliwa tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya nchani. Hutokea kwa takriban mvulana 1 kati ya 200 hadi 300, kwa hiyo kila shule kubwa inao. Hurekebishwa, na fundi anayerekebisha mara nyingi hutumia ngozi ya govi kujengea mfereji. Mtoto huyo asitahiriwe mpaka daktari wa upasuaji amwone. Huku kwetu pwani, ambako wapo wanaotahiri siku ya saba, ngariba au muuguzi mwenye haraka anaweza kutupa kwenye ndoo kitambaa ambacho kingemkamilisha mtoto.

Nije kwenye kisu kinachokimbizwa. Kuanzia miaka ya 1950, hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore ilifundisha, kupitia mwanasaikolojia John Money, kwamba mtoto mwenye jinsi tata apangiwe upande mapema, akatwe alingane nao, alelewe hivyo, na atazoea. Money alitegemea sana kisa cha mvulana wa Kanada, David Reimer, aliyeunguzwa uume katika tohara iliyokwenda mrama, akageuzwa na kulelewa kama msichana. Kwa miaka mingi ulimwengu uliambiwa amezoea. Hakuzoea. Alipoambiwa ukweli akiwa kijana alirudi kuwa mwanamume, mwaka 1997 habari yake ikachapishwa, na mwaka 2004 alijiua akiwa na miaka 38. Reimer hakuwa huntha, yaani mtu wa jinsi tata. Alizaliwa mvulana kamili. Lakini fundisho lililojengwa juu ya mgongo wake ndilo lililoshika kisu katika vyumba vingi vya upasuaji, na wapo madaktari wanaolishikilia hata leo kwa jina la kuwaonea wazazi huruma.

Dhidi ya fundisho hilo lipo jambo lililoonekana kijijini Salinas, Jamhuri ya Dominika, likaripotiwa mwaka 1974 na daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake. Kulikuwa na watoto waliozaliwa wakionekana wasichana, wakalelewa hivyo, kisha walipobaleghe sauti zikazama, misuli ikajaa, uume ukakua. Wengi wao wakaendelea na maisha kama wanaume. Walikosa kile kimeng'enya cha kugeuza testosteroni kuwa DHT, kwa hiyo tumboni mshono haukuvutwa; baleghe ilipofurika testosteroni, kazi iliyobaki ikafanyika. Madaktari wale waligundua pia kwamba tezi dume za watu hawa hubaki ndogo. Wenye viwanda wakatega sikio, wakatengeneza dawa ya kuzuia kimeng'enya hicho, finasteride, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992. Mzee wangu anameza kidonge hicho kila usiku kwa ajili ya tezi dume. Hajui kwamba anawiwa na watoto wa kijiji kimoja cha ng'ambo ambao, laiti wangezaliwa mbele ya daktari mwenye haraka, wangekatwa.

Kinyume chake kipo pia. Mwaka 1985 mkimbiaji wa viunzi wa Hispania, María José Martínez-Patiño, alipimwa kromosomu mashindanoni Kobe, Japani, akakutwa na XY, yaani ana ile Y ya kiume. Akavuliwa mataji, mchumba akamkimbia. Korodani alikuwa nazo ndani, testosteroni ilikuwapo, lakini mwili wake haukuwa na masikio ya kuisikia homoni hiyo, kwa hiyo uliumbika wa kike tangu tumboni. Alirudishwa michezoni mwaka 1988. Karatasi ya maabara ilikuwa sahihi na hukumu ilikuwa batili, na wanaotaka leo kuumaliza mjadala wa wanariadha wetu wanaotiliwa shaka jinsi yao kwa kipimo cha jeni moja wanarudia ukurasa ule ule. SRY ni fundi mmoja. Nyumba ina wengi.

Anayedhani subira hii ni fikra ya Kizungu ya juzi aulize masheikh. Wanavyuoni wa fiqhi walilijadili suala la huntha karne nyingi zilizopita, kwa sababu mirathi iliwalazimisha: apewe fungu la binti au la mwana? Wakatazama mkojo unatokea wapi. Ukitoka njia zote mbili na hali ikawa tata, wakasema angojewe abaleghe, mwili wenyewe uzungumze. Hawakuwa na hadubini wala homoni, ila walikubali kuandika "bado haijajulikana" na kuendelea kumtendea mtu kama mtu.

Kenya imepiga hatua. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu wa jinsi mbili kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524 kati ya watu milioni 47 na nusu, idadi ambayo naiona ni ya waliothubutu kusema. Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kubadili au kuondoa kiungo cha mtoto huntha bila ushauri wa mtaalamu wa jenetiki. Malta ilipiga marufuku upasuaji wa namna hiyo usio wa lazima tangu 2015. Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga: mtoto atavuliwa nguo na shangazi, atachekwa bafuni shuleni, heri akatwe angali hana kumbukumbu. Naijibu hivi: upasuaji wa kufungua njia ya mkojo iliyoziba ufanywe leo, chumvi ipimwe leo. Wa kumfanya afanane na picha usubiri mwenye mwili. Shangazi anaweza kufundishwa adabu.

Dada yangu alijifungua tena mwaka jana, mvulana. Mama alikuja na beseni lake lile lile. Siku ya tatu nilisimama mlangoni nikamwona ameinamisha uso, mkono uko majini, anahesabu kwa vidole kama anayetafuta hereni iliyodondoka. "Zipo?" nikauliza. "Ya kulia ipo. Ya kushoto naigusa inanikimbia." Dada akainuka kitandani, akachukua kadi ya kliniki, akahesabu miezi sita mbele, na tarehe akaiandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada.